Mlango wa Mama Iradukunda

Mlango wa Kaneza ulikuwa wa mninga, mzito, wa bluu iliyobanduka, na kabla ya nyumba hii ulikuwa umeshatumika nyumba nyingine tatu. Nyumba hizo zote sasa ni udongo. Marehemu mumewe, Ciza, alitoka katika ukoo wa watu waliohama sana: Burundi, kisha kambi, kisha mashamba ya kuazima upande wa Ngara. Katika kuhama kwao walikuwa wamegundua kwamba ukuta haubebeki. Kwa hiyo Ciza hakupigilia mlango misumari. Alifunga bawaba kwa skrubu, akazipaka mafuta ya mawese, na bisibisi ikaning'inia ukutani karibu na rozari. Wakiambiwa waondoke, alifungua skrubu, akaulaza mlango juu ya baiskeli na kuufunga kwa mpira, wakaenda zao.

Na kwa kuwa nyumba zilibaki na mlango ulikwenda, aliyezaliwa nyumbani aliandikwa kwenye mlango. Ndivyo walivyofanya kwao. Ciza alitia msumari kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu, akaandika kwa ndani, juu kidogo ya kitasa, herufi moja moja: IRADUKUNDA. Ni Kirundi, maana yake Mungu anatupenda. Chini yake aliacha nafasi ya wadogo zake, lakini nafasi ile haikujazwa. Iradukunda alikufa kwa malaria kabla hajaota meno ya pili, akazikwa kwenye migomba ya watu, na walipohama kaburi lilibaki. Mlango ulikwenda.

Kaneza aliendelea kuitwa Mama Iradukunda, au Mama Ira kwa wenye haraka. Mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na mtoto akifa hakuna anayekuja kulidai jina lirudishwe.

Sasa, mwaka juzi, baada ya Ciza naye kufariki, walikuja Kabuhingo, alikokuwa akiishi Kaneza, wataalamu wa mradi mmoja wa makazi. Kabuhingo ni kijiji cha kata ya Nyamigogo, na mpaka wakati huo kilikuwa kimejipanga chenyewe, yaani hakikujipanga. Wataalamu waliitisha mkutano, wakasema wanataka ramani itoke kwa wananchi. Wananchi wakachora kijiji chao chini, kwenye uwanja wa shule: majivu yakawa barabara, majani yakawa msitu, punje za maharage zikawa nyumba. Kazi ilikwenda vizuri mpaka kuku wa mwalimu alipoingia akala mtaa mzima. Mtaa ule ulirudishwa kwa punje za mahindi, na baadaye wengi waliamini kwamba ndiyo sababu ulipata viwanja vidogo.

Kaneza alipata kiwanja mtaa ule ule. Hakulalamika. Kilikuwa kando ya barabara, karibu na bomba la maji, na kilikuja na karatasi yenye jina lake, Kaneza, wala si la baba yake, wala la mume, wala la mtu aliyewaazima. Aliikunja karatasi ile akaiweka ndani ya Biblia, akaitoa, akaisoma, akairudisha. Alikuwa na zaidi ya miaka hamsini na hajawahi kulala juu ya ardhi ambayo hakuna wa kumwondoa.

Wa kumwondoa alikuwepo bado, lakini kwa masharti. Kila aliyepewa kiwanja alitakiwa mpaka siku ya ukaguzi awe na nyumba yenye kuta za matofali ya kuchoma, paa la bati, na mlango unaofungika kwa ufunguo. Asiyekuwa nayo, kiwanja kinapewa mwombaji mwingine. Mwombaji mwingine alijulikana. Ni Idefonsi, mfanyabiashara wa Biharamulo mjini, ambaye kila Jumapili baada ya misa alikuja na pikipiki kuvitembelea viwanja vya watu, akivipima kwa viatu vyake, kisigino kwenye ncha ya kidole, midomo ikihesabu. Alitaka kujenga vyumba vya kupangisha. Alikuwa na adabu sana. Alikuwa akimsalimia Kaneza na kumuuliza kama anajisikia vizuri, na Kaneza alikuwa akijisikia vizuri mpaka anapoulizwa.

Matofali yalipatikana kwa nguvu za watu. Walifyatua pamoja, wakachoma tanuru moja, na Kaneza alipolala na homa wiki ile ya kuchoma, majirani zake watatu walimchomea ya kwake bila kumwambia. Bati lilitoka kwenye kahawa na mbuzi. Lakini mlango, jamani! Wataalamu walikuwa wamepanga kila kitu isipokuwa kwamba kijiji kizima kitatafuta mlango kwa wakati mmoja. Wauza mbao hawakuwa wamelala. Bei ikapanda mpaka mlango ukawa ghali kuliko paa, na mtu mwenye akili zake akawa anaangalia ukuta wake akijiuliza kama kweli kuna haja ya kutoka nje.

Majirani hao watatu ndio waliokosa. Wa kwanza alikuwa Aron, fundi seremala. Fundi seremala hakuwa na mlango kwa sababu kila mlango aliojitengenezea ulinunuliwa kabla hajaufunga, na yeye hakuwa na moyo wa kumkatalia mteja. Wa pili alikuwa Leonsia, mama kijana ambaye mume wake alikwenda kwenye machimbo ya Geita na alikuwa akituma salamu. Wa tatu alikuwa Mzee Protasi, Mhangaza kutoka Ngara, katekista mstaafu, mjane asiye na mtoto, aliyekuwa hajasema uongo tangu apate kipaimara. Hali hiyo ilimfanya asialikwe sana kwenye harusi.

Walikuja kwa Kaneza wote watatu, wakaketi. Leonsia ndiye aliyeanza.

"Mama Ira, shikamoo."

"Marahaba. Sema."

"Tumekuja kuomba mlango."

"Mlango gani?"

"Huu," alisema Leonsia, akiuangalia ulipokuwa. "Si wa kuchukua. Wa kukaguliwa tu."

Aron akaeleza kwa utaratibu wa fundi. Fremu zote nne alizitengeneza yeye, na zote, kwa bahati nzuri au kwa uvivu, alizipima kwa mlango huu huu. Mkaguzi atatoka Biharamulo, kwa hiyo atamkuta Kaneza kwanza. Akishakagua hapo atakaribishwa chai. Yeye Aron ataufungua mlango, wataupitisha nyuma, kwenye migomba, mpaka kwake. Hapo tena chai. Kisha kwa Leonsia, kisha kwa Mzee Protasi. Skrubu mbili juu, mbili chini. Hakuna mkaguzi anayekunywa chai nne bila kuchelewa mahali.

"Na jina?" aliuliza Kaneza.

Walikuwa wakilisubiri swali hilo. Aron akataja rangi, kwa sauti ndogo.

"Rangi haipiti hapo," alisema Kaneza.

"Basi tutasema ni mtoto wetu," alisema Leonsia, macho chini. "Kila mmoja kwake. Akiuliza. Na wewe siku hiyo tusikuite Mama Ira, Mama Ira. Tukuite Kaneza tu. Ni asubuhi moja."

Kaneza aliumia. Hakuna haja ya kuzunguka: aliumia kama mtu aliyeombwa aazime kaburi. Lakini alikumbuka tanuru, na homa, na matofali yake aliyoyakuta yameiva, yamepangwa mlangoni mahali ambapo mlango haukuwepo bado.

"Kitasa kina ukorofi," alisema mwishowe. "Ukishafunga hakifunguki mpaka uuinue mlango kwa goti upande wa chini, ndipo uzungushe ufunguo. Mmesikia? Goti. Mzee Protasi, umesikia?"

"Nimesikia goti," alisema Mzee Protasi, ambaye alikuwa anafikiria dhambi.

Siku ya ukaguzi mkaguzi hakutoka Biharamulo. Alikuwa amelala kwa shemeji yake upande wa pili, akaingia kijijini kwa nyuma, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa Leonsia, akiwa na mtoto mgongoni, ufagio mkononi, na nyumba wazi kama pango. Mkaguzi aliitwa Rwekaza, mtu mnene, mpole, mwenye jalada kwapani. Nyuma yake kulikuwa na Idefonsi, aliyesema amepita tu.

Leonsia alimsalimia mkaguzi, akamuuliza habari za safari, za nyumbani, za kazi, za watoto, za mvua ya Biharamulo, kisha akamwomba kwa heshima zote apumzike kwanza kwenye kivuli cha jiko, chai iko tayari. Chai haikuwa tayari. Hata moto haukuwepo.

Huku juu Aron alikuwa ameshang'oa mlango kwa Kaneza. Waliubeba wawili, yeye mbele na Kaneza nyuma, wakikata kwenye migomba wameinama, mlango umefunikwa shuka ili bluu isionekane. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia maharage aliwaona, akaweka jembe chini, akavua kilemba.

"Poleni," alisema. "Ni nani anaumwa?"

"Ana nafuu, mama," alijibu Aron bila kusimama.

Mkaguzi alipomaliza chai alikuta nyumba ya Leonsia ina mlango. Alikuwa ameiona haina, lakini aliiona kwa mbali na kabla ya chai, na yeye hakuwa mtu wa kujibishana na macho yake. Aliingia ndani, akafunga, akafungua (Leonsia alisaidia kwa goti), akaona maandishi.

"Iradukunda ni nani?"

"Mwanangu," alisema Leonsia, na mtoto wake, Frednand, akajigeuza mgongoni mwake usingizini.

Rwekaza akaandika: mlango upo. Wakati anakunywa kikombe cha pili, kwa kubembelezwa, mlango ulipita migombani. Kwa Aron alikuta mlango mwingine, wa bluu. Akasema hapa naona mnapenda bluu. Aron akasema ndiyo rangi iliyoletwa dukani. Akauliza Iradukunda ni nani. Aron akasema mwanangu. Rwekaza akasema jina zuri, naona linapendwa, akaandika: mlango upo. Idefonsi alikuwa anaziangalia skrubu.

Kaneza alikuwa amerudi kwake. Alitundika kitenge kwenye fremu tupu, akaketi kizingitini akisubiri. Kilichobaki kilikuwa rahisi: Mzee Protasi, kisha mlango urudi kwake, kisha yaishe. Nyumba ya Mzee Protasi ilikuwa ng'ambo ya barabara, aliiona yote. Alimwona mkaguzi akiingia, akitoka. Alimsikia akiuliza habari ya jina, na Mzee Protasi, aliyekuwa ameandaa jibu lake kwa wiki nzima, akajibu kwa sauti ya kanisani:

"Iradukunda ni mtoto wa hapa."

Uongo haukuwemo. Kaneza alitamani kucheka na kulia, akafanya vyote kidogo kidogo ndani ya kitenge.

"Sasa mzee, funga nione," alisema Rwekaza.

Mtu yeyote angefunga akiwa nje. Mzee Protasi aliingia ndani, kwa kuwa ndivyo anavyofunga mtu mlango wa nyumba yake, akafunga kwa ufunguo. Kisha ufunguo ukasikika ukizungushwa. Ukazungushwa tena. Mlango ukagongwa kwa ndani, kwanza kwa adabu.

"Mzee, fungua," alisema Rwekaza. "Nimeridhika."

"Unakataa!"

"Zungusha kushoto!"

"Kushoto umekataa, kulia umekataa!" Nyumba haikuwa na dirisha bado, masharti hayakutaja dirisha, na ndani kulikuwa giza. Sauti ya Mzee Protasi ikaanza kupanda. "Mungu wangu! Nimefungwa! Niitieni… Mama Iradukunda! Mama Iradukunda njoo!"

Rwekaza alimgeukia Leonsia, aliyekuwa amefika na birika.

"Mama Iradukunda, unaitwa."

Leonsia akaweka birika chini. Alikwenda akausukuma mlango kwa bega, kwa kuwa goti hutumiwa na aliye na ufunguo, na ufunguo ulikuwa ndani na mtu aliyechanganyikiwa.

"Si huyo!" alilia Mzee Protasi kutoka gizani, ukweli ukimtoka sasa kama maji. "Mama Iradukunda mwenyewe! Mwenye mlango!"

Idefonsi akatabasamu kwa adabu.

Kaneza alibaki kizingitini kwake. Alijua hesabu yote. Akikaa kimya, mzee atatulia, watapata namna, pengine Aron atasema jambo. Akivuka barabara, ameuza viwanja vinne, na cha kwake cha kwanza. Karatasi iko ndani ya Biblia, Biblia iko ndani ya nyumba, nyumba ina kitenge. Lakini tangu asubuhi hakuna aliyekuwa amemwita jina lake. Alikuwa amewasikia watu wawili wakimchukua mtoto wake, mmoja baada ya mwingine, kwa nia njema, na alikuwa amenyamaza. Sasa kuna mtu anamwita.

Alivuka barabara.

"Mzee Protasi," alisema, mdomo kwenye upenyo wa mlango. "Tulia, baba. Shika ufunguo. Usizungushe mpaka niseme." Alitia vidole chini ya mlango, akauinua kama anavyoinua ndoo. "Sasa."

Mlango ukafunguka. Mzee Protasi akatoka amelowa jasho, akajipiga ishara ya msalaba, akaketi chini palepale.

Rwekaza alimtazama Kaneza kwa muda.

"Wewe ndiye Mama Iradukunda?"

"Ndimi."

"Na huyu? Na yule fundi?"

Leonsia alikuwa akitafuta kitu kwenye vidole vya miguu yake.

"Mtoto mwenyewe yuko wapi?"

"Alifariki," alisema Kaneza. "Tulimwacha tulikotoka. Tulibeba mlango."

Rwekaza akageuka, akaitazama nyumba ya Kaneza, kitenge kikipeperuka kwenye fremu.

"Na nyumba ile ni yako."

"Ni yangu."

"Haina mlango."

"Unauona ulipo, baba."

"Basi kiwanja kile…" alianza Idefonsi.

Hakumaliza, kwa sababu Aron alikuwa ametoa bisibisi mfukoni. Hakujificha. Alianza na skrubu za juu, mbele ya mkaguzi, bila haraka, akizitia mdomoni moja moja. Leonsia akashika upande mmoja. Mzee Protasi akainuka, akapangusa suruali, akashika upande mwingine. Safari hii hawakupita migombani. Walipita katikati ya barabara, mlango bila shuka, na mama wa maharage akasimama pembeni akaona alichokipa pole. Wakakitoa kitenge kwenye fremu, wakaufunga mlango kwa Kaneza. Nyumba zao tatu zikabaki wazi, zikimtazama mkaguzi.

Rwekaza alivuka, akafunga, akafungua kwa goti. Alikuwa mtu wa kujifunza haraka. Akaandika: mlango upo.

"Na hizo nyingine?" aliuliza Idefonsi. "Umeandika zina milango. Hazina."

Rwekaza aliangalia jalada lake kwa makini, juu na chini.

"Nimeshaandika kwa wino," alisema. "Fomu hii haina mahali pa kufuta." Kisha akawageukia wale watatu, na upole ukapungua kidogo. "Nitarudi baada ya mavuno ya maharage. Nitapita nyumba hizi kwa mkupuo mmoja, na sitakunywa chai. Nikute kila nyumba na mlango wake. Mmenielewa?"

Walielewa. Idefonsi aliwasha pikipiki yake, akamtakia Kaneza afya njema.

Mbao zilipatikana mahali ambapo hakuna aliyewahi kuthubutu kuuliza. Mzee Protasi alikuwa na mikaratusi miwili mikubwa nyuma ya nyumba, na kijiji kizima kilijua kwamba ni ya jeneza lake. Aliikata wiki ile ile. Alisema ameshaonja ndani ya sanduku kukoje, na haoni sababu ya kuharakisha. Wakati ukifika wamzike na mkeka.

Aron alipasua, akaanika mbao siku chache ambazo hazikutosha, akatengeneza milango mitatu. Mkaratusi mbichi haukubali kunyooka. Milango ile ilipinda kila mmoja kwa tabia yake. Lakini ilifungika. Hakuna mteja aliyeitaka, na kwa mara ya kwanza Aron akabaki na mlango.

Rwekaza alirudi kama alivyosema, akapita kwa mkupuo mmoja, hakunywa chai. Alipoondoka, Mzee Protasi alituma mtu kumwita Kaneza, akisema kitasa chake kinasumbua.

Kitasa hakikuwa na shida yoyote. Kaneza alikifunga na kukifungua, akataka kumgombeza mzee kwa kumpotezea muda, ndipo mlango ulipojivuta wenyewe, kwa vile ulivyopinda, akauona kwa ndani. Juu kidogo ya kitasa, herufi moja moja, zimechomwa kwa msumari, mbili zimekwenda upande: IRADUKUNDA.

"Nilimwambia mkaguzi ni mtoto wa hapa," alisema Mzee Protasi. "Sipendi iwe uongo."

Kaneza alitoka, akaenda kwa Aron, akaingia bila hodi, akatazama nyuma ya mlango. Kisha akaenda kwa Leonsia. Leonsia alikuwa anamnyonyesha Frednand, akasogea kumpa nafasi.

"Karibu, Mama Ira," alisema. "Funga mlango, kuna upepo."

Kaneza akaufunga, akabaki amesimama mbele yake, mkono juu ya jina.